Ratiba ya siku, hadithi, video au bibi: njia ipi itumike kufundisha maisha ya wasichana wa tamaduni mbalimbali?

Kwenye andalio la somo mada hii inasomeka nyepesi. Ugumu huanza darasani: darasa la sita lenye watoto 90 huko Ilemela, kipindi cha dakika 40, wavulana wa nyuma wanatafuta pa kuchekea, na mwalimu ana chaki na simu yake tu. Hapa tunalinganisha njia nne ambazo mwalimu wa Mwanza anaweza kuzipata bila kungoja mradi wa mtu: ratiba ya saa 24, hadithi fupi ya kusoma, video, na mgeni anayekuja kusimulia. Igizo na barua tutazipitia haraka.

Tuseme mapema tunakoegemea. Kwa darasa kubwa lisilo na fedha, anza na ratiba. Ndiyo pekee kati ya hizo nne inayompima msichana wa Kirumba na wa Kyoto kwa kipimo kimoja, na inamlazimu mvulana wa darasa hilohilo naye apimwe. Lakini kuna mambo ambayo ratiba haiyaoni kabisa, na hayo ndiyo yanayozipa njia nyingine tatu kazi ya kufanya.

Amua kwanza: nchi au jambo?

Walimu wengi hupanga somo kwa nchi: leo India, kesho Meksiko, keshokutwa Japani. Mpango huo una raha ya safari, ila mwanafunzi hubakiwa na mavazi na vyakula. Muulize baada ya wiki mbili, atakwambia Wajapani wanavaa kimono, basi. Mpango wa pili ni kushika jambo moja la maisha ya msichana na kulipitisha sehemu nne. Huu tunaupendelea, kwa sababu mtoto hawezi kuukwepa ulinganisho.

Chukua kuvunja ungo. Japani, desturi ya zamani ni familia kupika sekihan, wali wenye maharage mekundu unaopikwa pia kwenye sherehe nyingine. Waapache wa kusini-magharibi mwa Marekani humfanyia binti sherehe ya siku nne, jamii nzima ikiwepo. Magharibi mwa Nepali kuna desturi ya chhaupadi: mwenye hedhi hulala kwenye kibanda nje ya nyumba. Nchi hiyo iliifanya kosa la jinai mwaka 2017, ingawa vibanda havikwisha siku hiyo. Na kwetu? Pwani na kusini mwa Tanzania kuna unyago, na mwali hufundwa na somo au kungwi. Usukumani hakuna unyago wa aina hiyo, kwa hiyo mtoto wa Misungwi hulijua neno lenyewe kwa kulisikia tu, karibu sawa na anavyosikia habari za Nepali. Darasa sasa lina swali la kutafuna: tukio la mwili ni lilelile, mbona hapa ni karamu na pale ni kibanda?

Jambo la pili linalofundishika vizuri ni umri wa kuolewa, na kwa hilo huna haja ya kuvuka bahari. Zunguka Ziwa Victoria. Katiba ya Uganda ya 1995 inataja miaka 18. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya 2014 nayo inataja 18. Upande wetu, Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, huku mvulana akitakiwa kufikisha 18. Mwaka 2016, katika kesi iliyofunguliwa na Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu ilisema vifungu vya 13 na 17 vya sheria hiyo vinapingana na Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo. Ziandike nchi tatu ubaoni, ziwa moja, sangara yuleyule. Kisha ongeza Nepali, ile ya vibanda: sheria yake inataka miaka 20, kwa mke na kwa mume. Hapo mwanafunzi aliyekwisha kuamua kwamba Nepali ni mahali pa giza hulazimika kufikiri upya. Kabla ya kuandika chochote, hakikisha sheria yetu imefikia wapi mwaka huu, maana swali la kwanza la kidato cha pili litakuwa hilo.

Jambo la tatu ni urithi. Kwa Wasukuma ukoo hufuata baba. Kwa Waluguru wa Morogoro na Wamakonde, desturi ni ukoo kufuata mama. Kwa Waminangkabau wa Sumatra, Indonesia, nyumba ya ukoo hupita kutoka mama kwenda kwa binti, na kwa Wakhasi wa kaskazini-mashariki mwa India binti mdogo wa mwisho ndiye anayeshika nyumba ya wazazi. Watoto hushangazwa zaidi na Morogoro kuliko na Sumatra. Sumatra ni mbali, huko lolote laweza kutokea, lakini Morogoro basi hupita kila siku.

Sehemu zisizidi nne, na mojawapo iwe hapahapa. Darasa linalosoma "wasichana wa tamaduni nyingine" bila kujihesabu limegeuzwa watazamaji.

Ratiba ya saa 24

Vifaa ni karatasi moja ya daftari kwa wanafunzi wawili, ikatwe katikati kwa urefu, rula, manila mbili na gundi. Kila mmoja anachora visanduku 24 kutoka juu kwenda chini, cha kwanza kikianzia saa 12 asubuhi. Jina lisiandikwe. Juu anaweka KE au ME tu. Kisha anajaza herufi: L kulala, S shule na kujisomea, M mwendo wa njiani, N kazi za nyumbani, P kazi ya kuingiza pesa, C kucheza, kula, ibada na mapumziko.

Ijazwe siku ya jana, si "siku ya kawaida". Ukiomba siku ya kawaida utapata ratiba ya mtoto mwema: anaamka, anasali, anapiga mswaki, anajisomea saa tatu. Jana ina ushahidi. Na somo lifanyike Jumatano au Alhamisi, ili jana isiwe Jumapili.

Gawa kipindi hivi: dakika 5 za kueleza na kuchora mfano ubaoni, 10 za kujaza, 5 za kuhesabu kila herufi, 15 za kazi ya makundi, na 5 zitaliwa na kelele, usizipangie kitu. Jumla ya kila kipande lazima iwe 24. Wengi hupata 21 au 27 mara ya kwanza, na kosa karibu siku zote ni usiku: mtoto ameandika L mara moja akadhani imetosha hadi asubuhi.

Makundi yawe ya vipande saba saba, KE peke yake na ME peke yake. Vipangwe mezani kwa idadi ya N kutoka ndogo kwenda kubwa, kisha kichukuliwe cha nne, cha katikati. Usitafute wastani. Mtoto mmoja anayelea wadogo zake kutwa nzima huuvuta wastani wote, na darasa hubishana juu yake badala ya kubishana juu ya darasa. Vipande vya katikati vya KE hubandikwa manila ya kushoto, vya ME ya kulia. Tofauti huonekana kutoka mlangoni.

Kosa kubwa la njia hii ni kazi mbili kwa wakati mmoja. Msichana aliyekaa kivulini na mdogo wake mgongoni, sufuria ikiwa jikoni, ataandika C, maana kwa macho yake alikuwa amekaa. Dawa yake ni safu ya pili nyembamba pembeni ya visanduku yenye kichwa "huku nina...". Huko ndiko mtoto wa mgongoni, sufuria na duka la genge hujitokeza. Ukiiruka safu hiyo, manila yako itadanganya, na itadanganya upande mmoja tu: itawapa wasichana mapumziko ambayo hawakuyapata.

Kwa shule za mwaloni, kandokando ya ziwa panapotua mitumbwi ya wavuvi, kuna jambo la ziada. Dagaa huvuliwa kwa taa, kwa hiyo kazi hupamba moto wakati wa giza na kupoa wakati wa mbalamwezi. Nyumba inayoishi kwa dagaa huwa na siku za aina mbili: siku za kuanika, kugeuza na kukusanya kabla mvua haijashuka, na siku za kupumua. Ratiba ya Igombe au Kayenze iliyojazwa mbalamwezi pekee ni nusu ya habari. Jaza mara mbili, kama siku kumi na nne kati yake. Magu na Kwimba tofauti hiyo huletwa na msimu: palizi, kuwinga ndege kwenye mpunga, kuchuma pamba. Darasa likiliona hilo kwake lenyewe, haliwezi tena kukubali kwamba Japani nzima au India nzima ina "siku ya msichana" moja.

Kisha unakuja upande wa pili. Tuseme ni Japani, kwa kuwa shule zake zinafahamika vizuri. Shule nyingi za msingi huanza kati ya saa 2 na saa 2 na nusu asubuhi. Chakula cha mchana hupakuliwa na wanafunzi wenyewe, ndani ya darasa, kwa zamu. Kufagia na kupiga deki ni kazi ya wanafunzi vilevile. Wa sekondari ya chini hubaki kwenye michezo na vikundi hadi jioni, na wengine huenda masomo ya ziada usiku. Andika kipande chake kwa herufi zilezile. Watoto wataruka kwanza kwenye tofauti, ila panapofundisha zaidi ni panapofanana. Sisi tunafagia, wao wanafagia. Kisha uliza: kwetu nani anashika fagio na nani anatumwa maji? Japani ni darasa zima, wa kike kwa wa kiume. Hapo hakuna haja ya hotuba.

Tahadhari ya saa. Maandishi ya kigeni yanaposema 7:00, mtoto husoma saa saba, na binti wa Osaka anaamka mchana. Badilisha saa zote kuwa za Kiswahili kabla ya kuingia darasani, na muombe mwalimu mwenzako azikague, kwa sababu hata mwalimu hukosea, hasa kwenye 12:00.

Isichokiona ratiba ni uamuzi. Visanduku 24 vya binti aliyekwisha kupokelewa ng'ombe vinaweza kufanana na vya rafiki yake kisanduku kwa kisanduku. Hofu haina herufi.

Hadithi ya kusoma

Hapa ndipo moyo unapoingia. Kifungu kizuri kwa kipindi kimoja ni cha maneno 300 hadi 400. Kikizidi hapo, darasa la 90 halimalizi. Nakala 20 zinatosha, moja kwa wanafunzi wanne au watano. Ukiwa na nakala moja tu, soma wewe kwa sauti mara mbili, na kabla ya kusoma andika ubaoni maneno manane magumu pamoja na majina ya watu na mahali. Jina geni likisomwa kwa kusitasita huleta kicheko, na kicheko hicho humuua mhusika kabla hajaanza kuishi.

Katisha hadithi kabla ya uamuzi. Binti amesimama mlangoni, baba anaongea na wageni sebuleni: acha hapo. Kila kundi liandike sentensi mbili za kinachofuata na sababu yake, kisha soma mwisho. Ukisoma yote mfululizo, swali pekee linalobaki ni "tunajifunza nini", na jibu lake tayari liko kwenye daftari la mwaka jana.

Hatari ya hadithi ni kwamba msichana mmoja hugeuka nchi nzima. Mfano ulio wazi ni Malala Yousafzai wa Swat, Pakistani, aliyepigwa risasi Oktoba 9, 2012 kwa kutetea elimu ya wasichana, akapata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2014 akiwa na miaka 17. Ni habari ya kweli na inafaa kufundishwa. Lakini darasa lisiloambiwa kingine hutoka likiamini wanawake wa Pakistani hawana sauti. Ongeza mstari mmoja: Benazir Bhutto alikuwa Waziri Mkuu wa nchi hiyohiyo mwaka 1988, miaka 33 kabla ya Tanzania kupata rais mwanamke. Mstari huo mmoja huwatosha. Kanuni yetu ni hadithi mbili kwa kila nchi, moja ya mjini na moja ya kijijini, au moja ya mwenye nacho na moja ya asiye nacho. Ukishindwa kupata ya pili, usiitaje nchi. Sema jina la binti na kijiji chake tu.

Kwa ziwa letu wenyewe kuna hazina ambayo shule nyingi zimeiacha rafuni. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza mwaka 1945 riwaya ndefu kwa Kikerewe, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, na ile ya Kiswahili ikatoka mwaka 1980. Bulihwali, binti wa familia inayosimuliwa, yumo ndani yake. Ni ndefu mno kwa darasa, kwa hiyo chagua ukurasa mmoja. Na usiitumie kueleza Nansio ya leo: ni Ukerewe ya kabla ya wakoloni. Itumie kama sehemu ya nne katika ulinganisho, utamaduni wa mbali kwa wakati ingawa uko karibu kwa nauli.

Video

Video ina sifa moja isiyo na mshindani. Inaonyesha umbali, vumbi, kimo cha ndoo, upana wa darasa. Kwa mambo mengine inasifiwa kupita kiasi.

Anza na hesabu ya macho. Skrini ya laptopu inatosha watoto kumi, labda kumi na wawili wakibanana. Luninga ya inchi 32 haiwafikii walioko nyuma ya mstari wa nne. Projekta inahitaji giza, na madirisha ya shule nyingi hayana pazia; kanga nne na misumari husaidia kiasi. Umeme unaweza kukatika dakika ya tatu. Faili liwe kwenye flashi, si kwenye mtandao, na lijaribiwe siku moja kabla kwenye mashine ileile itakayotumika. "Kwangu ilicheza" si jaribio.

Urefu uwe dakika 6 hadi 8. Lugha ikiwa Kiingereza au Kihindi na darasa ni la msingi, zima sauti utafsiri wewe, kama madijei wa vibanda umiza. Tofauti ni kwamba dijei analipwa ili watu wacheke, na wewe ukiongeza utani mmoja juu ya mavazi ya binti, umepoteza kipindi. Andika maelezo yako mapema, sentensi kumi au kumi na mbili, uyasome.

Chujio letu kwa kila video ni maswali matatu. Binti anatajwa jina na anazungumza mwenyewe, au anasemewa? Anacheka hata mara moja? Aliyepiga picha anataka mtazamaji afanye nini mwishoni? Video nyingi za wasichana wa Afrika na Asia Kusini zilitengenezwa kuchangisha fedha, kwa hiyo zimepangwa ili mtu aone huruma na kufungua pochi. Watoto wa Mabatini wakiziona huona ajabu: wanaambiwa wamwonee huruma mtu anayechota maji kwenye mlima wa mawe, jambo walilolifanya asubuhi ileile. Ukiwa na video ya namna hiyo tu, iache, au ifundishe kama video: nani kaipiga na kwa nini.

Mgeni

Bibi wa miaka 70 na mama wa miaka 40 wakikaa mbele ya darasa lenye watoto wa miaka 12, una tamaduni tatu chumbani bila nauli ya ndege. Kwa watoto wanaodhani utamaduni ni kitu cha watu wengine, hakuna kinacholingana na hilo.

Inataka vipindi viwili vilivyoungana, dakika 80, na maandalizi ya siku kadhaa: ruhusa ya mwalimu mkuu, ziara nyumbani kwa mgeni, maswali matano ayapate mapema, na mkalimani kama bibi ni wa Kisukuma au Kikerewe tu, maana darasa la mjini lina Wahaya, Waha, Wajita na Wakurya humohumo. Mkalimani asiwe mwanafunzi. Mtoto hawezi kumkatiza bibi, wala hatatafsiri maneno ya aibu. Nauli ya bodaboda ni ya shule kwenda na kurudi, na mkononi aondoke na kitu: kanga, au sukari na sabuni.

Maswali ndiyo yanayoamua kila kitu. Ukiuliza "zamani wasichana walikuwaje?", utapata mahubiri: zamani tulikuwa na heshima, ninyi wa siku hizi mmeharibika. Dakika 40 zimekwenda, na wasichana wamekaa wameinama. Uliza vitu vyenye umri na vitendo: "Bibi, ulipokuwa na miaka 12, nani aliamka wa kwanza nyumbani? Ulilala chumba kimoja na nani? Kitu cha kwanza ulichonunua kwa pesa yako kilikuwa nini? Nani alikwambia kwamba unaolewa, na ulikuwa unafanya nini wakati huo?" Swali hilo la mwisho liulizwe tu kama amelikubali siku ya ziara.

Wazee wengi hawahesabu kwa miaka, kwa hiyo andaa vigingi vya kumbukumbu: Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, au mwaka 1977 elimu ya msingi ilipotakiwa kuwafikia watoto wote. Kuzama kwa MV Bukoba, Mei 21, 1996, ni kigingi ambacho kila mtu wa ziwa anacho. Kitumie ikiwa tu umejua mgeni hakufiwa, na ulijue kabla, si mbele ya watoto.

Mpe mgeni dakika 20, mwenzake 20, maswali 25, zinazobaki ni salamu na shukrani. Mwambie mapema kwamba ukisimama kando yake ni dalili ya kumalizia. Kumkata mzee kauli mbele ya watoto hakufanyiki, kwa hiyo ishara ipangwe nyumbani kwake.

Zikiwekwa sambamba

| | Ratiba | Hadithi | Video | Mgeni |
|---|---|---|---|---|
| Darasa linalomudu | hata 90 | 90 kwa nakala 20 | 10–12 kwa laptopu | 60. Wakizidi, nyuma hawasikii |
| Muda | kipindi 1, bora 2 | 1 | 1, pamoja na kufunga mitambo | 2 vilivyoungana |
| Kinachoharibika zaidi | kazi mbili kwa wakati mmoja | binti mmoja kuwa nchi | umeme, na huruma ya kununuliwa | mahubiri |
| Haioni | uamuzi na hofu | idadi: ni wangapi wako hivyo? | kilicho nje ya kamera | sehemu za mbali |

Igizo hatulipendekezi kwa mada hii, angalau si kwa darasa kubwa. Mvulana akipewa fimbo na koti la mzee anayeoza binti, darasa litacheka hadi machozi, na aliyepitia jambo hilo nyumbani ndiye pekee asiyecheka. Barua na shule nyingine, kwa mfano Mwanza na Mtwara, ni nzuri sana kwa anayeweza kusubiri: muhula mzima kwa mzunguko mmoja wa kwenda na kurudi. Zipite mikononi mwa walimu wa pande zote, jina la kwanza tu, bila picha wala namba ya simu.

Yanayohusu njia zote nne

Hujui nani amekaa mbele yako. Ukeketaji ni mfano. Wasukuma hawakeketi, kwa hiyo mwalimu wa Mwanza huona ni salama kuusema kama jambo "la wenzetu wa Mara". Lakini darasani kuna binti wa Tarime, na kuanzia hapo ana jina jipya uwanjani. Ukifundisha, anza na sheria ya nchi nzima, ile ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 inayokataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18, na usitaje kabila hata moja. Wakitaja wao, sema Wakurya wengi wanaipinga desturi hiyo, kisha endelea.

Vilevile kwa mama mwanafunzi. Tangu Novemba 2021 waliokatisha masomo kwa ujauzito wanaruhusiwa kurudi shuleni, hivyo anaweza kuwa dawati la tatu. Mifano ya "binti aliyeharibikiwa" ifutwe kwenye andalio lako.

Na somo likienda vizuri, mtoto mmoja anaweza kubaki baada ya kengele. Kabla ya siku ya somo, mjue mwalimu wa ushauri nasaha yuko zamu gani, dawati la jinsia la polisi la karibu liko kituo kipi, na namba 116, simu ya kusaidia watoto, iandikwe ubaoni mwanzo wa kipindi kwa kila mtu, ili asiyetaka kuonekana anainakili asionekane. Usimwahidi siri usiyoweza kuitunza. Mwambie utamweleza nani na kwa nini.

Kwa wiki mbili za vipindi vinne, mpangilio unaobeba mengi kwa gharama ndogo ni huu: ratiba yao wenyewe, ratiba ya Japani pamoja na hadithi fupi, kisha vipindi viwili vya wageni. Video iingie pale tu vifaa vilipo tayari shuleni. Shule ya sekondari yenye darasa la 45 inaweza kuanza na hadithi na kuacha hesabu ya ratiba iwe kazi ya nyumbani, ila vipande vijazwe darasani. Vya nyumbani hujazwa na kaka.

Vipande vya ratiba usivitupe. Vifunge kwa uzi, giza peke yake na mbalamwezi peke yake, andika mwaka na darasa bila shule wala jina. Darasa la mwakani litakuwa na sehemu ya tano ya kulinganisha, na manila mbili zitakuwa zimebaki kabatini.